Hayati Askofu Kivengere na chuki aliyovuka nayo mpaka

Wapendwa wasomaji, sisi tunaovuka mpaka kila juma na mizigo, pamoja na ndugu zetu waliorejea nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi, tunajua vizuri kinachokaguliwa pale forodhani. Magunia yanafunguliwa, karatasi zinasomwa, ushuru unalipwa. Lakini dhambi iliyofichwa moyoni hupita bila kuulizwa. Ndiyo maana leo nimeona niwasimulie habari za hayati Askofu Festo Kivengere wa Kigezi.

Alizaliwa mwaka 1919 huko Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda, katika jamii ya wafugaji, na utotoni alichunga ng'ombe. Baadaye alisoma akawa mwalimu. Wakati huo moto wa Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulikuwa umekwisha kuvuka na kuingia Kigezi. Waliookoka, wale walioitwa Balokole, walikuwa na desturi iliyowashangaza wengi: walitubu mbele za watu, wakazitaja dhambi zao bila kuzifunika, na aliyeiba alirudisha mali kwa mwenyewe. Mwalimu Festo hakupendezwa nao. Pombe ndiyo ilikuwa starehe yake.

Mwaka 1941 alikutana njiani na rafiki yake, mwenye furaha tele. Rafiki huyo alimweleza kwamba ameokoka, kisha akamwomba msamaha kwa mambo waliyoyafanya pamoja. Festo aliachwa hana la kusema, kwa kuwa mambo hayo alikuwa anayajua. Jioni hiyo hiyo alipiga magoti chumbani mwake, akamlilia Mungu, akaokoka.

Toba yake haikuishia chumbani. Kulikuwa na mmisionari mmoja Mzungu ambaye Festo alimchukia kwa muda mrefu. Hakuna aliyemlaumu kwa chuki hiyo, na pengine wengi waliiona ni haki yake. Hata hivyo alipanda baiskeli, akasafiri maili 50 hivi, akagonga mlango wa Mzungu yule, akamwambia kwamba alikuwa akimchukia na sasa anaomba msamaha. Waliishia kulia wote wawili.

Katikati ya miaka ya 1940 alihamia Dodoma, Tanganyika, pamoja na mkewe Mera, akafundisha shule na kuhubiri. Huko nako alijifunza kwamba aliyeokoka haachi kutubu. Siku moja, akiwa karibu kwenda kuhubiri, aligombana na mkewe. Alijiandaa kuondoka kana kwamba hakuna lililotokea, lakini Roho Mtakatifu alimsumbua mpaka akaona wazi kwamba akienda ataenda peke yake, maana Bwana atabaki nyumbani na Mera aliyeumizwa. Akarudi, akatubu kwa mkewe, ndipo akaenda kuhubiri. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye bila kuona haya.

Mwaka 1972 aliwekwa kuwa Askofu wa Kigezi. Ulikuwa wakati wa Idi Amin. Mwezi Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na Kivengere akapata habari kwamba yeye naye anatafutwa. Usiku yeye na Mera waliondoka kwa gari, kisha wakapanda milima kwa miguu mpaka wakaingia Rwanda. Ndugu zangu mliowahi kukimbia usiku, safari hiyo hamhitaji kusimuliwa.

Akiwa uhamishoni aligundua kwamba moyo wake umejaa uchungu. Alikuwa akihubiri upendo huku akimchukia Amin. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa ibadani London, aliwaza jinsi Kristo alivyowaombea msamaha waliomsulubisha, na akaona kwamba hawezi kumtoa Amin katika maombi hayo. Akatubu chuki yake. Mwaka huo huo alitoa kitabu kilichotangaza kwamba anampenda Idi Amin, na wako wakimbizi waliokasirika.

Mimi nawaelewa waliokasirika. Lakini naona kwamba Kivengere hakumsafisha Amin. Aliendelea kuyasema maovu ya utawala ule waziwazi. Alichokataa ni kuishi na chuki ndani yake na kuiita haki. Dhambi ambayo jamii inaisifu ndiyo ngumu kuliko zote kuitubu, maana hakuna jirani wa kukuonya.

Amin alipopinduliwa mwaka 1979, Askofu alirudi nyumbani. Alikuta nchi iliyojaa visasi, akaanza kuhubiri upatanisho. Naamini asingeweza kuifanya kazi hiyo kama angerudi na moyo aliotoka nao. Alifariki dunia Nairobi mwaka 1988 kwa saratani ya damu.

Mpendwa msomaji, huenda umerudi ukakuta mtu amejenga katika shamba la baba yako. Dai haki yako mbele ya sheria, lakini usilale na chuki. Huenda wewe ni mfanyabiashara, na mizani yako unaijua mwenyewe. Tubu kwa Mungu, kisha mwendee uliyempunja umrudishie chake. Kutubu kwa Mungu pekee huku fedha ya mwenzako imo mfukoni, hiyo ni nusu ya toba. Mzee Festo angeweza kutubia chumbani na kuiacha baiskeli ukutani. Hakufanya hivyo.

Bwana atusaidie.