Michael Faraday na Chumba Chake

Huenda umewahi kusafiri kwa gari wakati wa mvua ya radi, ukaingiwa na hofu. Soma habari za mtu aliyetuonyesha kwa nini aliyemo ndani ya gari la bati husalimika.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, karibu na mji wa London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi maskini, naye Michael hakupata elimu ya shule ila kidogo. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alipelekwa kwa mjalidi wa vitabu kujifunza kazi. Vitabu alivyovijalidi, alivisoma pia. Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya mwanasayansi mashuhuri, Humphry Davy. Aliandika aliyoyasikia, akayajalidi, akampelekea Davy. Mwaka uliofuata Davy alimfanya msaidizi wake.

Mwaka 1836 Faraday alijenga chumba cha mbao, kila upande futi 12, yaani karibu meta 3.7, akakizungushia nyaya za shaba na karatasi za metali. Kisha akaingia ndani pamoja na mishumaa na vipimo vya umeme. Chumba kikatiwa umeme kwa mtambo wenye nguvu, hata cheche zikaruka kwa nje. Fikiri: ukuta mwembamba tu ndio uliomtenga na umeme ule! Lakini vipimo vyake havikuonyesha umeme wowote ndani. Hivyo alithibitisha ya kuwa chaji za umeme hukaa juu ya uso wa nje wa metali.

Gari lenye paa na kuta za metali ni mfano wa chumba kile. Radi ikilipiga, umeme hupita katika bodi kwa nje, ukashuka ardhini. Kinachokukinga ni bodi, wala si mipira ya magurudumu. Umeme uliokwisha kuruka kutoka mawinguni hauzuiwi na mpira mdogo. Basi, radi inapopiga, funga milango na madirisha, wala usiguse sehemu za metali. Usishuke ukakimbilia chini ya mti. Tena ujue kwamba pikipiki, na gari lenye paa la turubai, havikukingi.

Faraday alifariki tarehe 25 Agosti, 1867.

Maswali
1. Kwa nini Faraday hakudhurika ndani ya chumba?
2. Rafiki yako asema kuwa mipira ya gari ndiyo izuiayo radi. Utamjibuje?