Mary Leakey, aliyeanza kwa kuchora mawe

Mjadala wa hosteli siku hizi ni mmoja tu: programu za kompyuta zinaandika kila kitu. Ripoti ya fildi, mwongozo wa kutumia mashine, hata lile andalio la somo ambalo sisi wa ualimu tulikuwa tunakesha nalo. Rafiki yangu anayesomea ufundi alitaka kuishi kwa kuandika miongozo ya mitambo, na sasa anauliza kama atafute njia nyingine. Mimi ni mtoto wa Karatu, kwa hiyo namjibu kwa habari za mama mmoja aliyefanya kazi upande wa pili wa kreta ya Ngorongoro.

Mary Douglas Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Baba yake alikuwa mchoraji, na safari zao za Ufaransa zilimfikisha kwenye mapango ya watu wa kale. Baba alifariki Mary akiwa na miaka 13. Shule zikawa mtihani: alifukuzwa mbili, moja baada ya kusababisha mlipuko maabara. Shahada ya kusomea hakuipata kamwe, ingawa baadaye vyuo vikubwa, Oxford kikiwemo, vilimpa za heshima. Alichokuwa nacho ni mkono wa kuchora na jicho lisilo na haraka.

Kwa mkono huo alichora zana za mawe za Misri kwa ajili ya kitabu cha mtafiti Gertrude Caton-Thompson. Huyo ndiye aliyemkutanisha na Louis Leakey, naye pia alikuwa anatafuta mchoraji. Mwaka 1935 Mary alifika Oldupai kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata wakaoana.

Sasa jiulize: kamera zilikuwepo, kwa nini wachore? Kwa sababu picha inachukua vyote sawasawa, kivuli, vumbi na ufa. Mchoraji lazima aamue: kovu hili limetokana na mkono wa mtu, lile ni la maji ya mto. Kabla hajachora mstari mmoja, ameshaligeuza jiwe mara nyingi. Mwaka 1951 alifanya kazi ya namna hiyo kwenye michoro ya miambani huko Kondoa.

Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa kambini na homa. Mary akatoka na mbwa wake, akaona mfupa umechomoza ardhini. Lilikuwa fuvu la Zinjanthropus, la miaka milioni 1.75 hivi, ambalo sasa ni mali ya Makumbusho ya Taifa. Dunia inakumbuka fuvu. Mimi nakumbuka zaidi kazi iliyofuata: miaka ya kuchimba na kuweka kwenye ramani kila jiwe na kila mfupa pale pale ulipolala, hadi kitabu kikubwa kikatoka mwaka 1971. Na mwaka 1978, huko Laetoli, timu yake ilifunua nyayo za miaka milioni 3.6. Nyayo hizo baadaye zilifukiwa tena zisiharibike, kwa hiyo wengi tunazijua kupitia vipimo, picha na nakala zake tu. Wangepima vibaya, sisi tungesoma vibaya.

Na kosa likishaandikwa, linaishi. Mwaka 1911 Mjerumani mmoja alisikia Wamaasai wakitaja Oldupai, jina la mkonge pori unaoota pale, yeye akaandika Olduvai. Vitabu vya Mary mwenyewe vina jina hilo hilo. Programu zinajifunza kutoka kwenye yaliyokwisha kuandikwa, kwa hiyo zinaweza kulirudia kosa kwa sentensi nzuri kabisa. Kulisahihisha kulihitaji mtu wa kuwasikiliza wenye lugha yao.

Rafiki yangu nisimdanganye. Kazi ya kupanga maneno ya wengine itapungua, na wanaoitegemea hiyo peke yake wataumia. Lakini mashine mpya ikifika kiwandani, lazima awepo mtu wa kuifungua, kuisikiliza inavyolia, kumuuliza fundi anayeichokonoa kila siku, halafu aamue msomaji aambiwe nini kwanza. Huyo programu itamsaidia kuandika haraka. Asiyewahi kuigusa mashine hatajua hata kama imemwandikia uongo.

Sisi wa ualimu tuna sehemu yetu. Mary alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996, na sidhani kama darasa letu la kawaida lingemvumilia zaidi ya shule zake. Nikipangiwa shule, kidato cha kwanza watapata jiwe mezani, penseli na kipindi kizima cha kulieleza, kila mtu kwa macho yake. Simu zitafunguliwa baada ya hapo.