Habib Swaleh wa Lamu: Kibanda cha udongo kilichogeuka chuo



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, asafiriye katika barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, apitapo Mkata wilayani Handeni na kuendelea mpaka Korogwe, huona kando ya njia nyumba za aina mbili. Ziko nyumba ndogo za miti na udongo, zilizokandikwa kwa mikono, ambamo watu wanaishi, wanapika na kulea watoto wao. Na yako maboma ya matofali yaliyokomea kwenye lenta, hayana bati wala milango, na ndani yake yameota majani. Kila boma la namna hiyo ni fedha ya familia iliyolala. Mwenye boma bado analipa kodi ya chumba kwa mtu mwingine, au bado amejibana kwa wazee wake, na kijana wa nyumba hiyo huenda ameakhirisha ndoa yake mwaka hadi mwaka akingojea bati.

Kwa ajili ya familia hizo, Ijumaa hii tunaangalia maisha ya mwanachuoni mkubwa wa pwani yetu, Sayyid Swaleh bin Alawi Jamalullail, ambaye watu wamemzoea kwa jina la Habib Swaleh. Jina lake linajulikana kuanzia Lamu hadi Ngazija. Lakini wengi wanaolitaja humkumbuka kwa msikiti wa Riyadha na maulidi ya Lamu, na wachache hukumbuka kwamba kazi yote ile ilianzia katika kibanda cha udongo na makuti.

Habib Swaleh alizaliwa Ngazija, katika visiwa vya Komoro, katikati ya karne ya 19. Ukoo wake wa Jamalullail ni miongoni mwa koo za masharifu zenye asili ya Hadhramaut, ambazo kwa karne kadhaa zilisafiri na kuweka makazi katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, wakisomesha na kufanya biashara. Akiwa bado kijana alivuka bahari kwenda Lamu, ambako alikuwapo mzee wa ukoo wake, Sayyid Ali bin Abdallah, aliyekuwa na elimu ya tiba. Hapo Lamu kijana huyo alijifunza tiba pamoja na elimu ya dini, na miongoni mwa walimu wake alikuwamo Sayyid Mansab, mwanachuoni na mshairi maarufu wa mji ule. Ilipofika miaka ya 1880, Lamu ilikuwa imekwisha kuwa ndiyo makazi yake.

Ili tuifahamu hatua aliyoichukua baadaye, yatupasa tuifahamu Lamu ya zama zile. Upande wa kaskazini, mtaa wa Mkomani, zilisimama nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye milango ya nakshi na kuta zilizopambwa kwa zidaka. Zilikuwa nyumba za fahari, na hata hivyo vyumba vyake vilikuwa vyembamba, kwa sababu dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Upande wa kusini, mtaa wa Langoni, zilikuwapo nyumba za udongo zilizoezekwa makuti. Huko waliishi wageni, mafundi, wavuvi, watumwa na walioachwa huru.

Kwa watu wa mji ule, nyumba ilikuwa kitambulisho. Aliyezaliwa ndani ya kuta za mawe alihesabiwa muungwana, na elimu ya dini ilikaa zaidi mikononi mwa familia za namna hiyo. Aliyelala chini ya makuti alitazamiwa kutumika, na hakutazamiwa kusoma.

Habib Swaleh alikuwa sharifu, mwenye nasaba ambayo ingemfungulia mlango wa nyumba yoyote ya Mkomani. Lakini alichagua kwenda Langoni. Katika kipande cha ardhi alichopatiwa pembezoni mwa mji alisimamisha kibanda cha udongo na makuti, na pale akaanza kuwasomesha wale ambao hawakuwa na wa kuwasomesha.

Msomaji wa Mkata hahitaji kuelezwa jinsi nyumba ya namna hiyo inavyojengwa, kwani Wazigua wameijua tangu zama za mababu. Huchimbiwa nguzo, hufungwa fito, udongo hukandwa kwa maji na kujazwa, kisha ukuta hukandikwa ukalainika. Tofauti ni paa tu: Lamu huezekwa makuti ya mnazi, na bara huezekwa nyasi. Vifaa vyote hutoka karibu na mahali pa ujenzi, na kazi hufanywa na jamaa na majirani kwa muda mfupi. Mwenye nyumba huingia ndani bila ya kudaiwa na mtu. Ukuta ukipasuka hukandikwa tena, na makuti yakichakaa hufumuliwa yakawekwa mengine. Inahitaji kutunzwa kila mara, na haimfungi mwenyewe kwa deni la miaka.

Maisha katika nyumba kama zile yalikuwa mepesi. Maji yalitoka kisimani, mwanga ulitoka kwenye taa ya mafuta, na upepo wa bahari ulipita ukutani na paani. Kwa vile mwalimu hakuwa na jumba la kulitumikia, muda wake ulibaki kwa watu. Waliokuja kutaka elimu aliwasomesha, na waliokuja na maradhi aliwatibu kwa ile tiba aliyojifunza ujanani. Masikini aliweza kuingia pale bila ya kuona haya kwa nguo zake wala kwa miguu yake yenye vumbi, kwa kuwa sakafu aliyoikanyaga ilikuwa sawa na ya kwake.

Haikosekani mtu kuuliza: je, haikuwa aibu kwa mtu wa nasaba kama ile kukaa katika banda? Jibu tunalipata Madina. Vyumba alivyoishi Mtume wetu (s.a.w.) pamoja na wake zake vilijengwa ubavuni mwa msikiti kwa matofali mabichi na makuti ya mitende, navyo vilikuwa vidogo. Imepokewa kutoka kwa Hasan al-Basri, mwanachuoni mkubwa wa zama za taabiina, kwamba alipokuwa kijana aliweza kuigusa dari ya vyumba hivyo kwa mkono wake. Miongo kadhaa baadaye, katika ukhalifa wa al-Walid bin Abdul Malik, vyumba vile vilivunjwa ili msikiti upanuliwe, na watu wa Madina walilia. Said bin al-Musayyib alitamani laiti vingeachwa, ili vizazi vijavyo vione ni kiasi gani Mtume (s.a.w.) alitosheka nacho katika dunia. Basi aliyekaa katika nyumba ya udongo ana mwenzake aliyemtangulia, naye ni mbora wa viumbe.

Hata hivyo, njia ya Habib Swaleh haikuwa nyepesi. Baadhi ya wakubwa wa mji hawakupendezwa kuona watumwa na watoto wa watumwa wakifundishwa Qur'ani na kukaa katika halaka ya elimu. Tena palikuwa na ubishi mkubwa juu ya maulidi ya Habshi, aliyoyatungia Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, na ambayo Habib Swaleh aliyaeneza Lamu yakisomwa pamoja na matari. Wako walioona kuwa matari hayafai msikitini. Mjadala huo wanazuoni wanao hadi leo, nasi hatukusudii kuuamua katika ukurasa huu. Lililo wazi ni kwamba watu wa Langoni walimiminika kwake, na kwamba hakuwa na jumba, shamba wala cheo ambacho wapinzani wake wangeweza kumtishia kukichukua.

Katika mwaka wa 1900 au karibu yake, pale pale Langoni ukasimama msikiti wa Riyadha, uliobeba jina la msikiti na chuo cha Habib Ali kule Seiyun. Kilichoanza kama darasa la kibandani kikawa chuo cha kufuatwa na wanafunzi kutoka sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. Mwaka 1907 hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya, tayari walikuwapo Langoni watu wa daraja ile waliokwisha kusomeshwa dini yao. Hapa ndipo ilipo hesabu ya kibanda kile. Lau mwalimu angengoja mpaka apate jengo la mawe ndipo aanze, miaka yote ile ingepita bila ya darasa.

Habib Swaleh alifariki dunia mwaka 1935 na akazikwa Lamu. Mwanawe, Sayyid Ahmad Badawi, pamoja na ndugu zake waliendeleza kazi. Hadi leo, katika siku za mwisho za mwezi wa Rabi'ul Awwal, maelfu ya watu hukusanyika Lamu kwa ajili ya maulidi yanayofanyika Riyadha. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na majumba yake ya mawe hutazamwa na wageni kutoka kila pembe. Lakini wengi wa waliozijenga kuta za Mkomani wamesahauliwa majina yao, na jina la aliyejenga kwa udongo bado liko midomoni mwa watu.

Ndugu msomaji, tusije tukaielewa vibaya sira hii. Uislamu haukuharamisha nyumba nzuri. Imepokewa katika hadithi kwamba nyumba yenye nafasi ni miongoni mwa mambo ya furaha ya mtu hapa duniani. Lakini pia imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba sahaba Khabbab bin al-Aratt (r.a.), akiwa anajenga ukuta wake, alieleza kuwa Muislamu hulipwa kwa kila anachokitoa, isipokuwa kile anachokiweka katika udongo. Wanazuoni wamefafanua kuwa makusudio ni jengo linalozidi haja. Basi swali la kila mzazi ni hili: haja ya familia yangu ni ipi, na kuzidi kunaanzia wapi?

Kwa familia ya Mkata, au ya kijiji chochote ambako nguzo ya umeme bado haijafika, jibu laweza kuwa karibu kuliko tunavyodhani. Nyumba ya vyumba viwili au vitatu vidogo yatosha kuanzia, ili wazazi wawe na sitara yao, na watoto watenganishwe malazi wafikapo umri wa miaka kumi kama tulivyofundishwa. Msingi ukiinuliwa kwa mawe, na paa likatokeza nje ya ukuta kwa hatua moja, mvua haitaula udongo. Dirisha pande mbili za chumba hupitisha hewa, na jiko likiwekwa nje huwaepusha mama na watoto na moshi. Handeni ni nchi ya ukame, ambako akina mama hujua uzito wa ndoo ya maji ya lambo. Paa dogo la bati lenye mfereji na tangi huvuna maji mengi: kila milimita moja ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita 30 za mraba, likinyeshewa milimita 20, hukusanya takriban lita 600 kwa mvua moja. Na sola ndogo ya taa tatu na kuchaji simu yatosha watoto kusoma Qur'ani na masomo ya shule usiku. Mwenyezi Mungu akikunjua riziki, chumba kingine huongezwa ubavuni.

Ubaya uko katika kukopa kwa riba ili jirani asituzidi urefu wa ukuta. Uko katika kumtoa mtoto shule ili saruji inunuliwe, na katika kumzuia kijana asiyejiweza kusubiri asioe kwa sababu hana sebule. Boma lililosimama miaka kumi halijampa mtu yeyote kivuli, na miaka hiyo kumi ya utoto wa watoto wetu hairudi.

Baba na mama wa Kiislamu, tukae chini tuhesabu. Ikiwa kilichopo mkononi ni cha nyumba ndogo, tuijenge hiyo, tuiingie kwa Bismillah, na tuijaze kisomo, swala na ukarimu. Elimu ya mwambao wa Lamu iliwahi kutosha ndani ya kuta za udongo.

Tunamuomba Allah (s.w.) amrehemu Habib Swaleh na wanazuoni wetu wote waliotangulia, azijaze baraka nyumba zetu zilizo ndogo na zilizo kubwa, atukinge na deni linaloelemea, na atupe kesho Akhera makazi mema ya kudumu. Amin.

Wallahu a'lam.