Lusinga, chifu wa Watabwa ambaye kichwa chake kilipelekwa Brussels

Wakaaji wengi wa Moba wanajua Mpala, kituo cha zamani pembeni ya ziwa Tanganyika. Lakini si wote wanaojua habari za Lusinga lua Ng'ombe, chifu aliyeuawa na watu waliotumwa kutoka kituo hicho.

Lusinga alikuwa chifu wa Watabwa, kwenye milima. Hakuwa mtu mpole. Alishambulia vijiji vya jirani, akakamata watu na kuwauza kwa wafanyabiashara waliotoka mashariki ya ziwa. Kwao alipata bunduki na baruti, na machifu wengi wakamuogopa.

Mwaka 1883 mwanajeshi Mbelgiji, Émile Storms, alijenga kituo Mpala. Alitumwa na shirika la mfalme Leopold II. Yeye pia alitaka machifu wote wamtii. Lusinga akakataa, juu hakuona sababu ya kuwa chini ya mgeni.

Tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka 1884, wapiganaji wa Storms walipanda mlimani. Wakamuua Lusinga, wakachoma kijiji, na kichwa chake wakamletea Storms kule Mpala.

Mwaka uliofuata Storms akarudi Ubelgiji na fuvu lile, pamoja na sanamu ya mti ya Lusinga. Mwaka 1886 daktari Émile Houzé alipima mafuvu ya Lusinga na machifu wengine wawili, kisha akayazungumzia mbele ya Chama cha Antropolojia cha Brussels. Kwa vipimo vya mifupa alitaka kuonyesha kama watu wa huku wako chini ya Wazungu. Sayansi ya leo imetupilia mbali mawazo hayo.

Kiisha, vitu hivyo viwili vikaachana. Sanamu iko katika jumba la makumbusho la Tervuren, watu wanalipa kuingia kuitazama. Fuvu liliishia kwenye Taasisi ya Sayansi ya Asili ya Brussels, mbali na macho ya watu, mpaka mwaka 2018 gazeti la Paris Match la Ubelgiji lilipofichua habari yake.

Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa kwenye uwanja mmoja wa Brussels. Wataalamu wa Ubelgiji pia walipendekeza mabaki ya watu kama hayo yarudishwe. Lusinga aliuza watu, na vizazi vya wale aliowakamata wana haki ya kukumbuka hilo. Lakini hata mtu aliyetenda mabaya, nyumbani anazikwa.