Krapf na maandalizi ya safari ya ng'ambo

Kwa mkazi wa Kisiwa cha Mombasa, neno ng'ambo lina maana mbili. Iko ng'ambo ya karibu, yaani Likoni, Kisauni na Nyali, inayofikiwa kwa feri au kwa daraja. Na iko ng'ambo ya mbali, inayohitaji pasipoti, viza na nauli ambayo mzazi wa kawaida hawezi kuitoa pasipo kuuza kitu. Hii ya pili ndiyo inayowashughulisha vijana wa baadhi ya makanisa yetu, wanaojiandaa kwa safari za huduma katika nchi za mbali. Harambee zinafanywa, fulana zinashonwa, na kwaya zinafanya mazoezi hadi usiku. Kikundi kimoja kiliniomba, kwa kuwa mimi ni mwalimu, niwasaidie kupitia orodha ya maandalizi yao. Niliisoma mara mbili. Ilikuwa na mambo kumi na mawili ya maana, lakini lugha ya wenyeji wao haikuwa mojawapo.

Badala ya kuongeza jambo la kumi na tatu, nimeona heri niwaeleze vijana hao, pamoja na wanafunzi na walimu wenzangu, habari za mtu aliyesafiri safari kama yao kwa mkondo wa kinyume. Yeye alitoka Ulaya akaja hapa kwetu. Jina lake ni Johann Ludwig Krapf.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa kijana alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, kisha akasomea theolojia Tübingen. Hakuondoka mara tu moyo ulipomwaka. Alipitia miaka ya masomo na ya mashaka, hata wakati mmoja akaiacha nia ya kwenda. Mwishowe alipokelewa na Church Missionary Society, chama cha Kiingereza, na mwaka 1837 akatumwa Ethiopia.

Huko ndiko alikojifunza kwamba mgeni hana haki ya kukaa ila kwa ridhaa ya wenyeji. Alifukuzwa Adwa mwaka 1838. Akaenda Shoa, akajifunza Kiamhari na lugha ya Waoromo, na kutafsiri sehemu za Injili katika lugha hiyo. Alipotoka Shoa mwaka 1842 na kutaka kurudi, alizuiwa njia. Katika kuhangaika huko mkewe, Rosine Dietrich, alijifungua mtoto jangwani kabla ya wakati. Mtoto huyo wa kike alifariki. Walikuwa wamempa jina la Kiamhari lenye maana ya chozi.

Mapema mwaka 1844 Krapf alifika Unguja, akapewa na Sultani Seyyid Said barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi wa Mei akahamia Mombasa pamoja na mkewe. Wakati huo mji ulikuwa huu tunaouita leo Mji wa Kale, pembeni mwa Ngome ya Yesu. Ulikuwa na misikiti yake, wanazuoni wake na mashairi yake. Nataka wanafunzi walishike jambo hili: Krapf hakuja mahali palipokuwa patupu. Alikuja katika mji uliokuwa ukisoma na kuandika kwa karne nyingi kabla ya yeye kuzaliwa.

Haukupita muda mrefu msiba ukamfikia tena. Julai 1844 Rosine alijifungua binti, na homa ikawashika wote. Rosine alifariki, na siku chache baadaye mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mahututi kitandani. Rosine alizikwa ng'ambo ya maji, upande wa bara, na kaburi lake lipo hadi leo upande wa Nyali. Mumewe aliwaandikia wakubwa wake London kwamba kaburi hilo ni dalili kuwa kazi imeanza. Wapo wanaoyaona maneno hayo kuwa ya imani kuu, na wapo wanaoyaona kuwa makavu mno kutoka kwa mfiwa. Mimi nasema tu kwamba anayewapeleka watoto wa watu ng'ambo sharti aifikirie homa kabla ya kuzifikiria nyimbo.

Sasa tutazame alivyofanya kazi. Juni 1844, kabla hajatimiza miezi miwili mjini, alikuwa ameanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mtu wa wiki chache angewezaje jambo hilo? Jawabu ni kwamba hakuwa peke yake. Alisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhyiddin, mwanachuoni aliyewahi kuwa Kadhi wa Mombasa. Fikiria, ndugu msomaji: kasisi wa Kikristo amekaa na mwanachuoni wa Kiislamu, na mwenye kujua ndiye Sheikh, naye kasisi ni mwanafunzi. Sura tatu za mwanzo za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa Tübingen, na mwaka huo huo msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki, zikiwemo Kikamba na Kipokomo. Kamusi yake kubwa, iliyojengwa juu ya Kimvita, ilitoka London mwaka 1882, yeye akiwa tayari amekwisha kufa.

Juni 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann. Wazee wa Rabai wakawakubalia kujenga, na Agosti mwaka huo wakaanzisha kituo chao huko. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro, na Desemba 1849 Krapf, akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, akauona Mlima Kenya. Wote wawili walieleza kwamba vileleni mna theluji. Wataalamu fulani wa jiografia huko London, ambao hawakuwahi kukanyaga hapa, waliwakejeli. Lakini wenyeji walikuwa wakiijua milima yao siku zote. Mwaka 1851 Krapf alisafiri tena na Kivoi kuelekea Mto Tana. Msafara ukashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akarudi kwa miguu, njaa na kiu nusura zimuue.

Mwaka 1853 afya ilimlazimu kuondoka. Alirejea kwa muda mfupi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti waliokwenda Ribe, kisha akaishi Korntal, Ujerumani, hadi alipofariki tarehe 26 Novemba 1881. Rebmann alibaki mpaka mwaka 1875, miaka 29 bila kurejea Ulaya, akaondoka akiwa kipofu.

Ni waumini wangapi walioachwa na Krapf alipoondoka? Wa kuhesabika kwa vidole. Kama angelipimwa kwa kipimo cha ripoti tunazozisoma makanisani, za watu waliookoka katika juma moja, angehesabiwa kuwa ameshindwa. Lakini kila mwalimu wa Kiswahili anayeandika ubaoni kwa herufi za Kirumi ananufaika kwa kiasi fulani na kazi iliyofanyika katika mji huu na Rabai.

Sisemi haya ili kumfanya Krapf malaika. Alipokuwa akifunzwa na Sheikh, aliandika juu ya Uislamu kwa ukali na dharau. Mila za wenyeji wake wa Rabai aliziona kuwa giza tupu. Mwaka 1867 alikubali kuwa mkalimani wa jeshi la Uingereza lililokwenda Ethiopia, nchi iliyowahi kumfukuza. Ramani na habari zilizotoka katika safari za wamisionari ziliwafaa pia wale waliokuja baadaye kutawala. Basi kijana anayesafiri na ajiulize: nikirudi, habari nitakazosimulia juu ya wenyeji wangu zitawajenga au zitawaumiza? Picha ninazopiga za watoto wa watu, je, ningekubali ndugu zangu wa Kibokoni au Majengo wapigwe hivyo na mgeni?

Kikundi kile kilinijibu kwamba safari yao ni ya majuma matatu tu, na kwamba hakuna anayeweza kujifunza lugha kwa majuma matatu. Ni kweli. Lakini maandalizi yao yamechukua miezi minane. Katika miezi hiyo wangaliweza kujifunza kusalimu, kushukuru, kuomba radhi na kuuliza njia. Hayo si mengi, lakini anayeomba radhi kwa lugha ya mwenyeji huwa amekwisha kukiri kwamba yeye ni mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tunaitumia methali hii kumsema mgeni mvivu, tukasahau kwamba mwenye kutoa jembe ni mwenyeji, naye ndiye anayejua shamba linataka nini. Kijana anayefika na jembe lake mwenyewe, na tayari amekwisha kuamua atalima wapi, huyo hakuja kuhudumu.

Liko na suala la fedha. Wazazi wanaochangishwa ni wachuuzi wa Kongowea, makuli wa bandarini na walimu wenzangu. Wana haki ya kuuliza iwapo nauli hiyo isingefaa zaidi kulipa karo ya mtoto wa jirani. Sidhani jawabu ni kuzifuta safari. Vijana wetu wana haki ya kuuona ulimwengu kama walivyo nayo vijana wa Tübingen. Lakini safari inayostahili kuchangiwa ni ile ambayo wenyeji wameiomba, ambayo kazi yake wameitaja wao, na ambayo itaacha kitu wanachokihitaji hata baada ya wimbo wa mwisho kuimbwa.

Kwa hiyo naipendekeza kazi moja ya darasani. Kabla ya kukata tiketi, kila kijana ataje jina la mtu mmoja wa huko aendako ambaye atakuwa mwalimu wake, na aeleze atajifunza nini kwake. Asiyeweza kulitaja jina hilo na aahirishe safari hadi atakapolipata.