Kapteni Speke, Makombe na Samaki

Sisi wanafunzi wa Karagwe na Kyerwa tumezoea kulisikia jina la Kapteni John Hanning Speke katika somo la historia, kwa kuwa alifika kwetu Bweranyange. Lakini ni wachache wajuao kwamba jina lake limo pia katika elimu ya viumbe, kwa sababu ya kome mmoja wa ziwani. Nimeona vyema niandike habari zake.

Speke alizaliwa tarehe 4 Mei, 1827, magharibi ya Uingereza. Mwaka 1844 aliingia jeshi la Bara Hindi. Kila alipopata likizo alikwenda milimani kuwinda na kukusanya wanyama na ndege, na tabia hiyo haikumwacha hata alipokuja Afrika.

Mwezi wa Juni, 1857, yeye na Richard Burton waliondoka pwani, na Februari, 1858, wakafika Ujiji. Burton alikuwa mgonjwa, naye Speke macho yake yalikuwa karibu kupofuka. Hata hivyo aliokota makombe ya Ziwa Tanganyika akayafikisha London. Mwaka 1859 mtaalamu S. P. Woodward aliyachunguza, akakuta kome wa aina mbili ambao wataalamu wa Ulaya hawakuwajua. Mmoja akampa jina la Speke, wa pili jina la Burton. Mabwana hao waligombana vikali juu ya chanzo cha Mto Nile wala hawakupatana tena, lakini majina yao yangali pamoja katika ziwa moja.

Speke alirudi Afrika pamoja na James Grant na kiongozi hodari Sidi Mubarak Bombay. Novemba, 1861, Mukama Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu. Grant alipatwa na ugonjwa wa mguu akabaki Karagwe. Speke akaendelea, akavuka Mto Kagera, na tarehe 28 Julai, 1862, akafika Maporomoko ya Ripon, Jinja. Hapo aliona Nile ikitoka ziwani, na samaki maelfu wakiruka kushindana na maji.

Makombe alikwisha kuyaokota, na samaki sasa amewaona, ila hakujua kwamba habari zao ni moja. Jambo hilo lilikuja kuelezwa karibu miaka 100 baadaye. Mwaka 1961 mtaalamu Geoffrey Fryer alitangaza habari za kome wa Jinja aitwaye Mutela. Mtoto wa kome huyu ni mdogo mno, naye ana uzi mmoja mrefu kupita mwili wake mara nyingi. Akimpata samaki aitwaye kuyu, humshika, huotesha mirija kama mizizi ndani ya nyama yake, na kujilisha humo. Akisha kukua huachia, akaanguka chini na kuanza maisha yake. Na kuyu ndiye samaki aliyejulikana kwa kuruka maporomoko yale. Hata katika Kagera yetu yupo.

Kwa nini mambo yawe hivyo? Kome hawezi kupanda mto, na maji huwachukua watoto wake kwenda chini. Samaki hupanda. Basi kizazi baada ya kizazi, kome ambao watoto wao walishika samaki vizuri ndio walioacha uzao. Samaki naye hakukaa kimya. Miili ya samaki wengi huwafukuza watoto wa kome wasiowafaa, hata kome wengi wa jamaa hizi wakabaki kutegemea samaki wa aina chache tu. Hivyo ndivyo viumbe wawili wanavyobadilishana pole pole.

Speke hakuishi sana. Tarehe 15 Septemba, 1864, siku moja kabla ya kujadiliana na Burton mbele ya wataalamu mjini Bath, alipigwa na risasi ya bunduki yake mwenyewe katika kuwinda, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Nayo Maporomoko ya Ripon yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954. Jambo hilo litufundishe. Kome akikosa samaki wake, hata maji yawe safi namna gani, atazeeka bila mtoto. Tukimaliza samaki wa mito yetu kwa nyavu za macho madogo, tutakuwa tumemaliza na wengine tusiowaona, na wajukuu wetu wataokota makombe matupu.