Anna Julia Cooper: Kutoka Utumwani hadi Kwenye Stempu

Mwaka 2009 Posta ya Marekani ilitoa stempu ya senti 44 yenye sura ya mwalimu mweusi, Anna Julia Cooper. Kwetu sisi tulio seminarini, maisha ya mama huyu yana jambo linalotuhusu moja kwa moja.

Alizaliwa Raleigh, North Carolina, mwaka 1858. Mama yake alikuwa mtumwa, na mtoto wa mtumwa alihesabiwa mtumwa. Utumwa ulipofutwa, Anna aliingia shule ya Mtakatifu Augustino, iliyoanzishwa na Waanglikana wa Marekani kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Ilikuwa 1868, mwaka uleule ambao Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo, mkoani kwetu Pwani, na kuwalea watoto waliokombolewa utumwani.

Katika shule hiyo Kigiriki kilikuwa cha vijana wa kiume waliojiandaa kuwa wachungaji. Msichana alitarajiwa aolewe tu. Anna alidai naye aingie darasani, akaruhusiwa. (Sisi tunaolalamikia Kilatini tumpe heshima yake!) Humo alimfahamu George Cooper, wakaoana mwaka 1877. Miaka miwili baadaye George alifariki, na Anna hakuolewa tena.

Alisoma hisabati chuoni Oberlin, kisha akafundisha Washington. Mwaka 1902 akawa mkuu wa sekondari ya weusi ya M Street. Siku hizo wengi walisema kijana mweusi anatosheka na useremala na ushonaji. Mama Cooper hakupunguza masomo, na wanafunzi wake wakapokelewa katika vyuo vikubwa, Harvard kikiwemo. Lawama zikamwandama, na mwaka 1906 bodi haikumrudisha kazini. Kwa maoni yangu, kosa lake hasa lilikuwa kufaulisha. Miaka minne baadaye alirudi shuleni hapo kufundisha Kilatini.

Huku akilea yatima watano wa ukoo wake, alitetea tasnifu Paris mwaka 1925, akiwa na miaka 66, kuhusu Ufaransa na utumwa wakati wa Mapinduzi. Baadaye aliongoza Frelinghuysen, chuo cha jioni cha watu wazima wafanyakazi. Chuo kilipokosa jengo, akawafundishia nyumbani kwake.

Alifariki mwaka 1964, akiwa na miaka 105. Alizikwa Raleigh, kando ya mumewe.